Maisha ya Bwana Granville Sharp, Karani Aliyewatetea Watumwa



Baada ya hesabu za fedha na habari za kamati, ambazo kila mwanachama amekwisha kuzisoma katika kurasa zilizotangulia, tumeona vema kuwawekea hapa maisha ya mtu mmoja wa zamani aliyeshughulika na haki za watu wasio na mtetezi. Tumemchagua Bwana Granville Sharp, Mwingereza, aliyefariki mwaka 1813. Kwa wale waliosoma habari za kukomeshwa biashara ya watumwa jina lake si geni, lakini mara nyingi Bwana Wilberforce ndiye atajwaye kwanza na kusifiwa sana, na Sharp hupewa mstari mmoja tu. Kwa maoni yetu hajapewa haki yake, maana alikwisha ianza kazi hiyo zaidi ya miaka 20 kabla ya Wilberforce kusimama Bungeni na kuisema.

Tena iko sababu nyingine iliyotuvuta. Bwana Sharp hakuwa mbunge, wala wakili, wala tajiri. Alikuwa karani wa serikali. Alikaa mezani mchana kutwa akinakili barua za wakubwa na kupanga majalada, kama wengi wetu tufanyavyo, na kazi kubwa ya maisha yake aliifanya usiku, baada ya ofisi kufungwa.

Alizaliwa tarehe 10 Novemba, 1735, katika mji wa Durham, kaskazini ya Uingereza. Babu yake alikuwa Askofu Mkuu wa York, na baba yake alikuwa mkuu wa mapadre katika jimbo la Northumberland. Mtu angedhani ya kuwa mtoto wa nyumba kama hiyo angepelekwa chuo kikuu, lakini watoto walikuwa wengi, na fedha ya kusomesha ilikwisha kwa ndugu zake wakubwa. Basi mwaka 1750, naye hajatimiza miaka 15, alipelekwa London awe mwanafunzi wa biashara ya vitambaa vya kitani. Katika miaka ile ya kujifunza alitumikia mabwana wa namna nyingi: mmoja Mkweka, mmoja Mpresbiteri, mmoja Mkatoliki kutoka Ireland, na mmoja asiye na dini yo yote. Yeye mwenyewe alikuwa mwana wa Kanisa la Uingereza, naye baadaye alikumbuka ya kuwa kukaa na watu hao kulimfundisha kuwatenga watu na maoni yao, asimchukie mtu kwa sababu ya imani yake.

Habari moja ya ujana wake inatuonyesha tabia yake yote. Katika nyumba alimokaa alikuwamo kijana mmoja aliyebishana naye juu ya maneno ya Agano Jipya, akamwambia ya kuwa hawezi kuyafahamu sawasawa kwa kuwa hajui Kiyunani. Sharp hakukasirika, wala hakunyamaza. Alijifundisha Kiyunani. Kisha Myahudi mmoja akabishana naye juu ya Agano la Kale, akamwambia vivyo hivyo kwa habari ya Kiebrania, naye Sharp akajifundisha Kiebrania. Hakuwa na mwalimu wala saa ya mapumziko, ila usiku. Mwaka 1758 aliiacha biashara ya vitambaa, akapata kazi ya ukarani katika ofisi ya silaha za serikali, iliyokuwa katika ngome ya Tower.

Mwaka 1765 ndipo jambo kubwa lilipomkuta, wala hakulitafuta. Ndugu yake William alikuwa daktari mpasuaji, naye alikuwa na desturi ya kuwatibu maskini bila malipo nyumbani kwake, katika njia iitwayo Mincing Lane. Siku moja Granville alipokwenda kumwona ndugu yake alimkuta mlangoni kijana Mwafrika, umri wake kama miaka 16 au 17, amesimama na maskini wengine akingoja zamu yake. Jina lake Jonathan Strong. Alikuwa mtumwa aliyeletwa kutoka kisiwa cha Barbados na bwana wake, wakili aitwaye David Lisle. Bwana huyo alimpiga kichwani kwa bastola hata ikavunjika, na macho ya kijana yakawa karibu kupofuka. Kisha, alipoona hafai kwa kazi, alimfukuza njiani kama kitu kibovu. Ndugu hao wawili wakamwingiza katika hospitali ya St. Bartholomew, akakaa huko miezi minne hivi, na alipopona wakamtafutia kazi kwa mwuza dawa.

Ingaliwezekana habari ikomee hapo, nayo ingalikuwa habari njema ya huruma. Lakini baada ya miaka miwili, mwaka 1767, Lisle alimwona Strong barabarani, mzima, ana nguvu, amenenepa. Mali aliyoitupa sasa ina thamani tena! Akamwuza kwa mwenye shamba mmoja wa Jamaica, kwa pauni 30, fedha italipwa kijana akiisha kupandishwa melini. Wakamkamata kwa hila na kumfungia gerezani angoje meli. Kutoka humo Strong alifaulu kumpelekea barua Bwana Sharp.

Tuitazame barua hiyo kidogo. Mpaka siku ile Sharp alikuwa mtu mwema aliyetoa sadaka. Barua ilimwomba kitu kingine kisichokuwa sadaka. Alikwenda gerezani mwenyewe, akawaonya walinzi wasimtoe kijana kwa mtu ye yote, kisha akaenda kwa Meya wa jiji la London na kuomba shauri lisikizwe. Tarehe 18 Septemba, 1767, Meya alisikiliza, akasema ya kuwa kijana hakuiba kitu wala hana kosa lo lote, na kwa hiyo yu huru kwenda zake. Papo hapo nahodha wa ile meli akamshika Strong mkono ili amchukue kama mali ya yule mnunuzi. Sharp akamwambia nahodha mbele ya watu wote ya kuwa atamshitaki kwa kumshambulia mtu. Nahodha akauachilia mkono. Lisle naye alitaka Sharp akapigane naye kwa silaha, kama ilivyokuwa desturi ya mabwana wa siku zile walipodhani heshima yao imevunjwa. Sharp akamjibu ya kuwa atapata haki yake yote kwa sheria.

Basi wakamshitaki Sharp, wakidai ya kuwa ameichukua mali ya mtu. Wakataka pauni 200. Sharp akawaendea mawakili, nao wakamwambia aachane na shauri hilo, kwa maana hawezi kushinda. Wakamwonyesha maoni yaliyoandikwa mwaka 1729 na wakuu wawili wa sheria wa serikali, ya kwamba mtumwa akiletwa Uingereza hawi huru kwa kufika, wala hata kwa kubatizwa, na bwana wake aweza kumrudisha mashambani kwa nguvu. Nao wakamwambia ya kuwa Jaji Mkuu, Lord Mansfield, ni wa maoni hayo hayo.

Hapa ndipo karani alipofanya jambo ambalo mawakili hawakulitazamia. Alikataa kusadiki ya kuwa sheria ya nchi yake yasema hivyo mpaka aione kwa macho yake. Hajawahi kufungua kitabu cha sheria maishani mwake. Kwa muda wa miaka miwili, kila usiku, alisoma sheria za zamani, hukumu za korti na amri za wafalme, akiandika mambo katika daftari. Naye aliona ya kuwa maoni ya wale wakuu wawili yalikuwa maoni tu. Hayakuwa hukumu ya korti wala sheria ya Bunge. Aliona pia sheria ya mwaka 1679, ambayo ilikataza kabisa kumchukua kwa nguvu mtu akaaye Uingereza na kumpeleka kifungoni ng'ambo ya bahari, na ambayo haikusema neno juu ya rangi ya mtu huyo. Kila mtu akaaye katika nchi, aliandika Sharp, yu chini ya ulinzi wa mfalme, na mwenye kudai ya kuwa mtu fulani si mtu bali ni mali, yeye ndiye mwenye wajibu wa kuleta ushahidi. Nakala za maandiko yake zilipita mikononi mwa mawakili, hata mawakili wa wale waliomshitaki wakaingiwa na hofu wasiendelee. Shauri likafa, na washitaki wakatozwa gharama mara tatu kwa kushitaki wasiendelee. Mwaka 1769 akapiga chapa kitabu chake. Jonathan Strong alikufa mwaka 1773, angali kijana bado, lakini alikufa akiwa mtu huru.

Tangu hapo habari za Sharp zikaenea kati ya Waafrika wa London, ambao ilisemwa kortini siku zile ya kuwa walikuwa 14,000 au 15,000 katika Uingereza yote. Wengi walikuwa watumishi wa nyumbani na mabaharia, wengine watumwa, wengine wameachiliwa, wengine wamekimbia, na hakuna aliyelala usiku akijua hakika ya kuwa hatauzwa asubuhi. Twapenda wanachama waangalie jambo hili: ye yote aliyepatwa na mashaka alijua ni mlango gani wa kubisha, na aliyesikia habari alikimbia kumwambia. Vitabu vingi huandika kana kwamba Sharp aliwatafuta Waafrika. Mara nyingi zaidi wao ndio waliomtafuta yeye.

Mwaka 1770 Mwafrika aitwaye Thomas Lewis alikamatwa usiku na bwana wake wa zamani kwa msaada wa wapiga makasia wawili, huko Chelsea. Walimburura chali mpaka mtoni, wakamziba kinywa kwa kijiti asipige kelele, wakamtia mashuani na kumpeleka melini. Lakini kelele zake za kwanza zilisikiwa na watumishi wa nyumba ya jirani, na mwenye nyumba, mama mmoja aitwaye Bibi Banks, alimtafuta Sharp. Sharp akapata amri ya korti, nayo ikaifikia meli karibu na kuondoka kwake. Lewis alikutwa amefungwa kwenye mlingoti, anatazama pwani ikipotea. Alipofika mbele ya Lord Mansfield, watu 12 walioapishwa walikata shauri ya kuwa hakuna ushahidi wa kwamba yeye ni mali. Lakini Jaji Mkuu aliepa swali lenyewe, kama mtu aweza kuwa mtumwa katika nchi ya Uingereza. Sharp hakuridhika na hukumu hiyo, naye alikuwa na haki ya kutoridhika.

Swali hilo likamrudia Jaji mwaka uliofuata. Mwafrika James Somerset aliletwa kutoka Marekani na bwana wake, Charles Stewart, mwaka 1769. Mwaka 1771 akabatizwa, kisha akatoroka. Mwezi wa Novemba akakamatwa, akafungwa minyororo melini ili akauzwe Jamaica. Wazazi wake wa ubatizo walikwenda kortini na kupata amri aletwe mbele ya jaji. Tarehe 13 Januari, 1772, Somerset mwenyewe alibisha mlangoni kwa Sharp. Wenye mashamba ya visiwa vya West Indies wakaungana kumlipia Stewart gharama, kwa kuwa walijua ya kuwa hili si shauri la mtu mmoja. Kwa upande wa Somerset wakasimama mawakili kadha wa kadha, na mmoja wao kijana, Francis Hargrave, ambaye hakuwahi kusema katika korti ile kabla ya hapo. Sharp akawapa kila alichokikusanya, lakini yeye mwenyewe hakuingia kortini, kwa sababu alijua ya kuwa Jaji hampendi, naye hakutaka sura yake imdhuru Somerset. Ni wachache wawezao kufanya kazi ya miaka na kisha kukaa nje siku ya kusifiwa.

Shauri lilivutwa tangu Januari hata Juni. Lord Mansfield hakutaka kulikata. Aliwashauri wapatane, hata akadokeza ya kuwa Stewart angeweza kumwachilia Somerset na kuyamaliza. Hatujui yaliyokuwa moyoni mwake, lakini watu wa London walijua ya kuwa katika nyumba yake alilelewa binti aitwaye Dido Elizabeth Belle, ambaye baba yake alikuwa mpwa wa Jaji na mama yake alikuwa mtumwa Mwafrika. Hatimaye, tarehe 22 Juni, 1772, akatoa hukumu. Alisema ya kuwa utumwa ni kitu kibaya hata hauwezi kusimama ila kwa sheria iliyotungwa waziwazi, na sheria ya Uingereza haina neno la kumruhusu bwana kumkamata mtumwa wake na kumtoa katika nchi kwa nguvu. Basi Somerset aachiliwe.

Kortini walikuwamo Waafrika wengi, wamevaa vizuri, wametulia kimya muda wote. Hukumu ilipokwisha kusomwa waliinama kwa heshima mbele ya majaji, kisha wakageukiana na kushikana mikono. Baada ya siku chache watu kama 200 wakakutana katika nyumba moja ya Westminster kwa karamu na ngoma, kila mmoja amelipa shilingi 5 ya kuingia.

Ni lazima tuseme kweli juu ya hukumu hiyo, kwa maana imesimuliwa vibaya mara nyingi. Haikuwafungua watumwa wote wa Uingereza siku ile, wala haikugusa hata kidogo utumwa wa ng'ambo. Iliwapa kinga moja: wasisafirishwe kwa nguvu. Hata baada ya mwaka 1772 walikuwako waliokamatwa na kuuzwa kwa siri. Lakini mtu ambaye hawezi tena kutishwa kwa meli huweza kuondoka mlangoni kwa bwana wake, na wengi waliondoka.

Sasa tuangalie jambo la mkate wake. Vita vya Marekani vilipoanza mwaka 1775, ofisi yake ya silaha ilianza kupeleka baruti na mizinga ili kuwapiga Wamarekani, ambao Sharp aliona wanadai haki yao. Kwanza aliomba likizo. Vita vilipozidi, mwaka 1776 alijiuzulu, umri wake miaka 40, hana mshahara mwingine wala shamba. Ndugu zake wakamwambia akae kwao, naye akakaa. Mzee mmoja wa kamati yetu alipoisikia habari hii aliuliza kama mtu huyo alikuwa na watoto wa kulisha. Hapana, hakuoa kamwe. Mwenye watoto sita angeipima barua ya kujiuzulu kwa mizani nyingine, wala hatumlaumu.

Jamaa ya akina Sharp walipatana sana. Walikuwa na mashua kubwa katika mto Thames, na humo wakifanya muziki, watu wakisimama ukingoni kusikiliza. Granville alipiga ngoma na filimbi, tena aliweza kupiga filimbi mbili kwa mara moja. Iko picha yao iliyochorwa na Johann Zoffany, wamekaa mashuani na vyombo vyao, nayo imehifadhiwa London. Twayataja haya ili wasomaji wasimfikirie kuwa mtu mkavu wa vitabu tu.

Tarehe 19 Machi, 1783, Olaudah Equiano, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa na aliyejinunua mwenyewe, alikuja kwa Sharp na habari ya kutisha. Meli iitwayo Zong, ya wafanya biashara wa Liverpool, ilipakia watumwa zaidi ya 440 katika pwani ya Afrika ya Magharibi mwaka 1781. Ilipotea njia, na wengi wakaugua na kufa. Ndipo mabaharia wakawatupa baharini watu wapatao 130 wangali hai, kwa siku kadha, wakitoa sababu ya kuwa maji ya kunywa yamepungua. Wenye meli wakadai bima, pauni 30 kwa kila mtu. Wenye bima wakakataa kulipa, na hivyo ndivyo habari ilivyofika kortini: si kwa sababu ya mauaji, bali kwa sababu ya hesabu. Katika shauri la kwanza wenye meli walishinda, na ilisemwa humo kortini ya kuwa kwa sheria jambo lile ni sawa na kutupa farasi.

Shauri lilipoletwa tena mbele ya Lord Mansfield mwezi wa Mei, Sharp alimlipa mwandishi wa hati mkato aandike kila neno lisemwalo. Ilijulikana humo ya kuwa mvua ilinyesha kabla ya wale wa mwisho hawajatupwa, hata maji yakapatikana. Korti ikaamuru shauri lisikizwe upya. Sharp akanakili maneno yote, akawapelekea wakuu wa manowari na mawaziri, akidai mabaharia wale washitakiwe kwa mauaji. Hawakumjibu. Hakuna mtu aliyeshitakiwa kwa vifo vile mpaka leo. Hata hivyo tusingalijua habari hii kwa ukamilifu kama karani yule asingalimweka mwandishi kortini. Mawaziri walinyamaza, lakini nakala zake zilibaki, na kwa hizo watu wengi wa Uingereza walianza kuona ni kitu gani kilichokuwa ndani ya meli zile.

Si kazi zake zote zilizofanikiwa. Baada ya vita vya Marekani, Waafrika wengi waliopigana upande wa Waingereza walifika London bila kazi wala nyumba, wakalala njiani na njaa. Wakubwa wakafanya mpango wa kuwapeleka Sierra Leone, na Sharp akaupokea kwa moyo wote. Akaandika katiba nzima ya mji mpya: watu wapangwe kwa makumi, kila kumi lijichagulie mkuu, wote wawe dhamana ya mwenzao. Mwezi wa Aprili, 1787, watu kama 400 waliondoka. Walifika wakati mvua zinaanza. Ardhi ilikuwa ya Watemne, nayo ilipatikana kwa mapatano ambayo pande mbili hazikuyafahamu kwa namna moja. Homa ikawaua wengi kabla ya kujenga. Mwaka 1789 mji wao ukachomwa moto na mtawala wa kienyeji aliyekuwa akilipiza kisasi kwa kijiji chake, kilichochomwa na manowari ya Waingereza. Tena wengine katika wale walioletwa wawe huru walikwenda kufanya kazi kwa wafanya biashara ya watumwa wa jirani, jambo lililomwumiza Sharp sana. Twaona ya kuwa kosa lilikuwa katika kupanga maisha ya watu kutoka London, mbali, kwa katiba nzuri, bila mtu wa kuangalia majira ya mvua. Mji wa Freetown wa sasa ulianzishwa mwaka 1792 na watu wengine, kama 1,200, waliotoka Nova Scotia.

Tarehe 22 Mei, 1787, watu 12 walikutana London katika duka la kupiga chapa, wakaunda kamati ya kukomesha biashara ya watumwa. Tisa walikuwa Wakweka, na Sharp akawekwa mwenyekiti. Yeye alitaka washambulie utumwa wenyewe; wenzake wakaona ya kuwa wakidai yote mara moja hawatapata kitu, heri waanze na biashara. Alishindwa kwa kura, na akaendelea kufanya kazi nao. Kwa miaka yote ya kamati ile, husimuliwa, hakukikalia kiti cha mwenyekiti hata mara moja, ila aliketi pembeni mwa meza. Biashara ilikatazwa kwa sheria mwaka 1807, naye aliishi kuiona siku hiyo. Mwaka 1804 alikuwa mwenyekiti wa mkutano wa kwanza wa Chama cha Biblia cha Uingereza na Nchi za Kigeni, ambacho baadaye kilichapa Maandiko kwa Kiswahili.

Hatutaficha upungufu wake. Mtu huyu aliyejifunza katika nyumba ya Mkatoliki kutomchukia mtu, mwishoni mwa maisha yake, mwaka 1813, aliongoza chama cha kuwazuia Wakatoliki wa Uingereza wasipewe haki sawa na raia wengine. Aliogopa enzi ya Papa, nayo hofu hiyo ilimfumba macho yaliyoona vizuri mahali pengine.

Wasomaji wa pwani waliuliza kama mji wetu wa Freretown, karibu na Mombasa, una uhusiano na Freetown ya Sierra Leone. Majina yanafanana kwa bahati tu. Freretown iliitwa kwa jina la Sir Bartle Frere, nayo ilianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa baharini, baada ya soko la Unguja kufungwa mwaka 1873. Wengine wa wakazi wake wa kwanza walilelewa India kabla ya kurudishwa huku. Sheria ya mwaka 1807 haikuzigusa jahazi za pwani yetu. Katika pwani ya Kenya hali ya utumwa haikufutwa na sheria mpaka mwaka 1907, miaka 100 kamili baadaye, na miaka 135 baada ya James Somerset kutoka kortini.

Granville Sharp alikufa tarehe 6 Julai, 1813, umri wake miaka 77, huko Fulham karibu na London. Wenzake walimwekea ukumbusho katika kanisa la Westminster Abbey, lakini mwili wake haumo humo. Umo katika uwanja wa kanisa la Fulham, kaburi moja na ndugu yake William, yule daktari wa Mincing Lane.